Kidhibiti Kinasema Ndiyo, Seva Inasema Hapana: Kutafuta Kosa katika Kituo cha Data Kinachoendeshwa kwa Programu

Katika kituo cha data cha mtindo wa zamani, fundi aliyeambiwa kwamba mtandao umekatika alichukua tochi, akafuata kebo kutoka kabati moja hadi jingine, na mara nyingi alilikuta kosa kwenye ncha ya kebo hiyo. Katika kituo kinachoendeshwa kwa programu, kebo moja hubeba mamia ya mitandao pepe, swichi nyingi zimo ndani ya seva zenyewe, na uamuzi wa mashine pepe gani (kompyuta ya programu inayoishi ndani ya seva) ikae wapi na ipitie njia gani hufanywa na programu mbili zinazopaswa kusikilizana: moja hugawa prosesa na RAM, nyingine hugawa anwani, milango na njia. Kila moja ina daftari lake. Matatizo mengi niliyoyashughulikia hapa Lubumbashi yalitokana na madaftari hayo mawili kutolingana, au yote mawili kulingana vizuri huku kilichomo ndani ya seva kikiwa kitu kingine kabisa.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ninalowakataza vijana ninaofanya nao kazi ni kuzima na kuwasha upya kabla ya kutazama. Kuwasha upya hufuta hesabu za pakiti, huondoa sheria za njia zilizokuwa kwenye swichi pepe, na hata tatizo likitulia, hakuna atakayejua lilikuwa nini wala litarudi lini. Andika kwanza mambo matatu: kidhibiti, yaani programu kuu inayoamua, kinadai nini, wakala, yaani programu ndogo iliyo ndani ya seva na kutekeleza maagizo yake, anadai nini, na swichi pepe ya seva hiyo ina nini kwa kweli. Mifano yangu inatumia OpenStack, mfumo wa programu wa kuendesha kituo cha data, pamoja na Open vSwitch, ambayo ndiyo swichi pepe yenyewe, kwa kuwa ndivyo ninavyovishika kila siku. Mwenye mfumo mwingine atakuta majina tofauti, lakini atapita njia ileile.

Kabla ya kulinganisha logi, yaani kumbukumbu za matukio, linganisha saa. Nchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina majira mawili ya saa: Kinshasa iko UTC+1, nasi wa Lubumbashi tuko UTC+2, pamoja na ndugu zetu wa Goma na Bukavu. Mwenye seva katika miji ya pande zote mbili, akiacha kila moja ifuate saa ya mahali ilipo, ataona kosa la saa tisa likitanguliwa na tokeo la saa nane ambalo kwa kweli lilitukia dakika ileile. Weka seva zote kwenye UTC, saa ya kimataifa, na uhakikishe kwamba zote zinachukua saa kutoka chanzo kimoja.

Mashine pepe haizaliwi kabisa

Mtumiaji anaomba mashine mpya, na baada ya sekunde chache anajibiwa "No valid host was found", yaani hakuna seva iliyofaa. Fundi anafungua ripoti ya rasilimali, anaona nafasi tele, kisha anaanza kuushuku mfumo wote.

Mara nyingi nafasi ipo kweli, ila imetawanyika. Seva tano zilizobakiwa na GB 12 za RAM kila moja huonekana kwenye ripoti kama GB 60, lakini mashine ya GB 16 haitapata pa kukaa, kwa sababu mashine moja haigawanywi juu ya seva mbili. Muuza unga katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, akibaki na magunia matano yasiyojaa, huyamimina pamoja apate magunia kamili. Kwa upande wetu kumimina huko ni kuzihamisha mashine ndogo zikiwa hai, ili seva moja au mbili zibaki na nafasi kubwa iliyo wazi. Kazi hiyo ifanywe wakati mtandao umetulia, kwa kuwa kuhamisha mashine hai ni kunakili RAM yake yote kupitia kebo zilezile zinazowahudumia wateja.

Sababu ya pili ni mizimu. Mashine ilifutwa wakati seva iliyoibeba ilikuwa imezimika, au uhamisho ulikatika katikati, na daftari la rasilimali la OpenStack, liitwalo Placement, likabaki likiamini kwamba GB zile bado zina mwenyewe. Amri ya `nova-manage placement audit` huonyesha migao isiyo na mwenyewe, na yenyewe ikiongezewa `--delete` huifuta. Lakini soma orodha yote kwanza kabla ya kuongeza neno hilo. Kwa kinyume chake, mashine inayoishi bila kuandikwa daftarini hurekebishwa kwa `nova-manage placement heal_allocations`.

Sababu ya tatu ni uwiano. Nova, sehemu ya OpenStack inayogawa prosesa na RAM, huruhusu kugawa prosesa pepe nyingi kuliko za kweli: thamani ya awali katika matoleo ya zamani ilikuwa 16 kwa 1 kwa prosesa na 1.5 kwa 1 kwa RAM, na katika matoleo mapya imeshushwa hadi 4 na 1. Aliyesasisha mfumo kisha akaongeza seva mpya anaweza kujikuta na seva mbili zenye chuma kilekile lakini ukarimu tofauti, bila yeye kubadilisha chochote.

Mashine inazaliwa, kisha inakufa baada ya dakika tano

Hapa saa yenyewe ndiyo shahidi. Nova ikishaiandaa mashine husubiri Neutron, sehemu inayoshughulikia mtandao, iseme kwamba mlango wake wa mtandao umeunganishwa, na muda wa kusubiri, usipobadilishwa, ni sekunde 300. Ukiona mashine imekaa katika hali ya kujengwa kwa dakika tano kamili kisha ikaangukia kwenye kosa, acha kuchunguza diski na picha ya mfumo, kwa maana upande wa ukokotozi umemaliza kazi yake na unaosubiriwa ni mtandao.

Tazama `openstack network agent list`. Wakala huripoti kila sekunde 30 na huhesabiwa kuwa amekufa zikipita sekunde 75 bila ripoti. Akionekana amekufa, ingia ndani ya seva yake uhakikishe: huenda yu hai lakini foleni ya ujumbe, ambamo programu hizi huzungumziana, imekwama, au saa za seva mbili za kidhibiti zimeachana kiasi kwamba mmoja anamwona mzima na mwingine anamwona maiti. Wakala anayekufa na kufufuka kila dakika, bila yeyote kumgusa, ni dalili ya saa au ya foleni kabla ya kuwa dalili ya kitu kingine chochote. Ikiwa mawakala wote ni wazima na mlango umeandikwa `binding_failed`, linganisha jina la mtandao wa kimwili lililo katika kidhibiti na lile lililo katika faili ya usanidi ya seva hiyo. Herufi moja iliyokosewa inatosha.

Ping inapita, lakini ukurasa haufunguki

Hili ndilo tatizo lililonichukulia saa nyingi kuliko mengine yote. Jioni moja karani wa mteja wetu mmoja, anayeshughulikia mizigo inayopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, alinipigia simu akaniuliza: "Papa, hii mashini iko muzima ao imekufa?" Swali lake lilikuwa sahihi kuliko ripoti zote nilizokuwa nazo mbele yangu. Ping ilipita bila kupoteza hata pakiti moja. Ukurasa wa kuingilia ulifunguka. Alipoomba orodha ya hati za mwezi, alama ya kusubiri ilizunguka bila mwisho. Niliingia ndani ya mashine kwa SSH, nikafika. Nilipoandika amri ya kuonyesha faili refu, skrini ikaganda.

Kinachoganda pale data inapokuwa nyingi na kupita pale inapokuwa chache ni suala la ukubwa wa pakiti. Mitandao pepe hupita ndani ya mahandaki: pakiti ya mashine hufungwa ndani ya pakiti nyingine, na karatasi hiyo ya kufungia ina uzito wake. VXLAN, aina moja ya handaki iliyoelezwa katika waraka wa RFC 7348 wa mwaka 2014, huongeza baiti 50 juu ya IPv4. Geneve, aina nyingine, kama inavyotumiwa na OVN (programu ya mitandao pepe inayoongoza Open vSwitch), huongeza 58. Kwa hiyo, ikiwa mtandao wa chini, yaani wa kebo na swichi za kweli, unabeba baiti 1500, mashine iliyo ndani ya VXLAN inapaswa kuambiwa isizidi 1450, na iliyo ndani ya Geneve isizidi 1442. Njia nyingine ni kuupanua mtandao wa chini hadi 1600 au 9000, mashine zibaki na 1500 zao bila kujua lolote.

Sisi tulikuwa tumechagua 1600. Wiki hiyo swichi ya kabati la pili ilikuwa imeharibika, tukaweka nyingine, nayo ilikuja na 1500 ya kiwandani. Pakiti ya ping ya kawaida ni ya baiti 84 na ilipita bila shida, lakini pakiti iliyojaa ya 1500, ikishafungwa na kufikia 1550, ilitupwa. Nayo ilitupwa kimya, kwa kuwa swichi ya safu ya pili haina utaratibu wa kumwambia mtumaji kwamba mzigo wake ni mkubwa mno; ruta ndiyo hutuma taarifa hiyo kwa ICMP, lugha ileile ya ping, na hata hiyo hufa njiani pale ambapo mtu amefunga ICMP yote akidhani anajilinda.

Kipimo ni kifupi. Ukiwa kwenye seva, bila kuingia ndani ya mashine, tuma pakiti isiyoruhusiwa kukatwa kwenda anwani ya handaki ya seva ya pili:

`ping -M do -s 1572 10.20.0.14`

Namba hiyo ni 1600 ukitoa baiti 28 za vichwa vya IP na ICMP. Yetu haikupita, nilipoweka 1472 ikapita, na kosa likawa limeshikwa. Mwenye 9000 apime kwa 8972. Rudia kipimo kati ya kila jozi ya makabati, si jozi moja tu, kwa sababu kosa huathiri mashine zinazovuka swichi mbovu peke yake, na ndiyo maana wateja wawili walio katika mradi mmoja wanaweza kubishana kuhusu kama huduma ipo au haipo, wote wakisema kweli.

Jihadhari pia na watengenezaji wa swichi, ambao hawahesabu kwa namna moja: wengine huandika ukubwa pamoja na kichwa cha Ethernet na wengine bila hicho, kwa hiyo namba iliyo sawa kwenye skrini mbili haimaanishi ukubwa ulio sawa. Wapo wanaotibu hali hii kwa kupunguza ukubwa wa sehemu za TCP kwenye ruta. Dawa hiyo hutuliza kurasa za wavuti, lakini haigusi UDP, na humficha mgonjwa hadi siku mteja atakapoweka simu za sauti na VPN.

Zilizo seva moja zinasikilizana, zilizo seva mbili hazisikilizani

Hapa handaki halipo au halipitiki. VXLAN hutumia poti ya UDP 4789, ingawa Linux ilipoanza kuitumia ilichagua 8472 na baadhi ya zana bado zinaifuata. Geneve hutumia 6081. Washa `tcpdump -ni eth1 udp port 4789` pande zote mbili kwa wakati mmoja, ukiweka jina la kadi yako. Pakiti zikitoka upande mmoja zisifike wa pili, kuna ukuta wa moto au njia iliyokosewa. Zikifika lakini mashine isizipate, kosa liko ndani ya swichi pepe ya seva inayopokea. Zisipotoka kabisa, swichi ya seva inayotuma haijui jirani yake yuko wapi.

Kwa hali mbili hizo za mwisho, `ovs-ofctl dump-flows br-int` huonyesha kila sheria na idadi ya pakiti zilizoipitia. Endesha amri mara mbili kwa nafasi ya sekunde kumi na utazame ni namba ipi inapanda: pakiti zinazopotea huongeza hesabu ya sheria fulani ya kutupa, na sheria hiyo itakuambia ni jedwali gani lililozikataa. Mara nyingi ni ulinzi wa anwani. Mteja ameweka anwani ya pamoja kati ya mashine mbili ili moja ichukue nafasi ya nyingine ikianguka, lakini Neutron haikuambiwa, kwa hiyo inaiona anwani hiyo kama ya wizi. Iruhusu kwenye milango ya mashine zote mbili, na usizime ulinzi wote kwa ajili ya anwani moja.

Tatizo likianza dakika ileile mashine ilipohamishwa, mawakala wa seva nyingine bado wanapeleka pakiti kwenye makazi ya zamani.

Umeme umerudi, taa zote ni za kijani, na hakuna kinachofanya kazi

Msomaji wa mji usiokatikiwa umeme anaweza kuruka sehemu hii. Wa kwetu asiruke. Betri za akiba zimeisha kabla ya jenereta kuwaka, kabati zote zimezimika, umeme umerudi, na seva zote zimeamka kwa pamoja. Kila moja inamtafuta mwenzake ambaye bado hajaamka, inakata tamaa, inaandika kosa, na kukaa hivyo.

Anza na hifadhidata. Kundi la Galera, yaani nodi kadhaa za hifadhidata zinazonakiliana, likizimika lote, mara nyingi halijianzishi lenyewe, kwa kuwa hakuna nodi inayothubutu kudai kwamba data yake ndiyo ya mwisho. Tazama faili ya `grastate.dat` katika kila nodi. Iliyo na `safe_to_bootstrap: 1` ndiyo ya kuanzia. Umeme ukikatika ghafla, zote zitakuwa na 0, na namba ya mfuatano itakuwa -1. Hapo endesha `mysqld --wsrep-recover` kwenye kila nodi, linganisha namba zinazotolewa, anzisha ile yenye namba kubwa, kisha ziite nyingine moja baada ya nyingine. Anayeichagua nodi kwa kubahatisha anaweza kuufufua mfumo ukiwa na daftari la jana, na mashine zilizozaliwa leo zikaendelea kuishi ndani ya seva bila kuandikwa popote.

Kisha hesabu kura za vidhibiti. Vidhibiti vitatu vinahitaji viwili viwe hai na vitano vinahitaji vitatu. Vinne vinahitaji vitatu pia, kwa hiyo aliyenunua cha nne kwa usalama ameongeza gharama bila kuongeza uvumilivu. Kidhibiti kilichobaki peke yake kinakataa kuandika kwa makusudi, na haifai kukilazimisha kabla hujahakikisha kwamba wenzake wamezimika kweli. Wakiwa hai upande wa pili wa kebo iliyokatika, utakuwa na serikali mbili katika nchi moja.

Angalia pia swichi pepe inafanya nini isipomwona kidhibiti wake. Open vSwitch ikiwekwa `secure` haitungi njia zake yenyewe, na seva iliyoamka kabla ya kidhibiti hubaki bubu hadi kiongozi apatikane. Ikiwekwa `standalone` hugeuka swichi ya kawaida inayojifunza anwani, jambo linaloonekana kuwa jema hadi pale mahandaki yanapounda duara na pakiti moja kuzunguka bila kukoma. Mimi nachagua ububu.

Seva kuukuu ambayo betri yake ndogo ya saa imekwisha huamka ikiamini kwamba iko miaka kadhaa nyuma. Vyeti vya usalama huonekana kwake kama ambavyo bado havijaanza kutumika, na logi hujaa malalamiko ya kukataliwa ambayo hayana uhusiano wowote na nywila. Kwa hiyo mpangilio wa kuwasha uwe huu: swichi za kimwili, chanzo cha saa, hifadhi ya diski, hifadhidata, foleni ya ujumbe, vidhibiti, mawakala wa mtandao, na seva za wateja mwisho kabisa, chache chache, kwa kuwa mawakala mia wanaoomba hali yao yote kwa dakika moja wanaweza kuizamisha foleni iliyotoka kuamka.

Kila kitu kinafanya kazi, ila polepole

Ndani ya mashine, safu ya `st` katika `top` ikipanda, mashine inataka prosesa na seva haina ya kuipa; rudi kwenye uwiano. Kwenye seva, ujumbe wa "nf_conntrack: table full, dropping packet" unamaanisha jedwali la miunganisho limejaa: ongeza kikomo, halafu umtafute anayelijaza. Mwezi wa kumi, joto linapokuwa kali kabla ya mvua, pima pia joto la prosesa, maana zinazozidi kiwango hujipunguzia kasi bila kumwambia mtu.

Kuna wepesi mmoja wa kudanganywa ambao unahusu upangaji wenyewe. Mpangaji wa kawaida, yaani programu inayoichagulia mashine seva, hutazama prosesa, RAM na diski. Hajui kama kebo za kabati zimejaa. Seva kumi na mbili zenye kadi za Gb 10 zinaweza kudai Gb 120 kutoka kabati lenye njia mbili za Gb 40 za kutokea. Mpangaji akirundika mashine zote za nakala rudufu katika kabati hilo kwa sababu RAM ipo, kila usiku wa manane wateja wengine watalalamika, na asubuhi hutakuta chochote. Tangu toleo la Stein la mwaka 2019, OpenStack inaweza kuhesabu kiwango cha chini cha upana wa njia pamoja na rasilimali nyingine, lakini hesabu hiyo inahusu kadi ya seva, haifiki hadi njia ya kabati. Kwa hiyo tenga mashine hizo kwa makundi, moja moja katika kila kabati, na utawanye saa zao za kuanza.

Madaftari yote yakilingana, sheria za swichi zikiwa sahihi, na polepole ikabaki, chukua ile tochi ya zamani. Endesha `ethtool -S` kwenye kadi na utafute makosa ya CRC, yaani hesabu ya pakiti zilizoharibika njiani, kisha utafute hayohayo kwenye poti ya swichi iliyo upande wa pili. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa vumbi jekundu la hapa kwetu hupenya hata chumba kilichofungwa, na chembe moja juu ya ncha ya faibaa inatosha kuharibu pakiti moja kati ya elfu kadhaa, kiasi ambacho TCP hukivumilia kwa kupunguza mwendo. Chomoa, safisha kwa kalamu ya faibaa, si kwa shati, rudisha, andika hesabu ya makosa na saa, kisha itazame tena baada ya saa moja ya kazi ya kawaida. Ikiwa imeongezeka hata kwa moja, badilisha moduli ya upande mmoja tu kwanza, ili ujue ni ipi iliyokuwa mbovu.